UZI: Kiwavi alivyommeza Koreshi. Historia ya Bucyrus, kampuni iliyochimba Panama ikaishia tumboni mwa Katapila

#1 Koleo Butu

Wakuu, salaam.

Huku kwetu kila mashine ya kuchimba ni katapila. Itoke Japani, Korea au China, ikishaonekana inashuka kwenye trela pale njia panda, watoto wanapiga kelele "katapila limekuja!" na waliojenga kwenye hifadhi ya barabara wanaanza kuhamisha makochi. Wengine mtasema hicho ni kijiko, si katapila. Sawa, lakini muulizeni bibi yeyote mtaani kwenu muone atajibu nini.

Katapila ni jina la kampuni ya Kimarekani, Caterpillar, na maana yake ni kiwavi. Mzee Benjamin Holt wa California alizipa jina hilo trekta zake kwa sababu ya zile cheni zinazotambaa. Sasa uzi huu si wa kiwavi, ni wa aliyeliwa na kiwavi.

Tarehe 8 Julai 2011 Caterpillar ilimaliza kuinunua kampuni inayoitwa Bucyrus. Tamka "byusairasi". Bei ilikuwa dola 92 kwa kila hisa, na ukijumlisha madeni inafika kama dola bilioni 8.6. Caterpillar haikuwahi kununua kitu kikubwa namna hiyo. Muda si mrefu jina la Bucyrus likafutwa kwenye mashine, likapakwa njano juu yake.

Jina hilo lilikuwa na miaka 130. Ni la mji mdogo wa Ohio, na inasimuliwa kwamba mpimaji aliyeuchora mji, James Kilbourne, aliunganisha neno la Kiingereza la "zuri" na jina la Cyrus. Cyrus ndiye Koreshi wa kwenye Biblia, mfalme wa Uajemi aliyewaruhusu Wayahudi kutoka Babeli. Kwa hiyo Koreshi mzuri akaliwa na kiwavi. Nikipata vocha jioni nashuka na mengine.

#2 Mzee wa Kokoto

Nimekaa pale.

#3 Dada Spana

Mkuu usije ukatuachia uzi njiani kama ule wa meli. Halafu tueleze kwa lugha ya kijiweni, tusio wahandisi tuelewe.

#4 Koleo Butu

Dada Spana ule wa meli simu iliibwa, nimeshaomba radhi mara tatu.

Haya. Mwaka 1880, Bucyrus, Ohio. Tajiri wa Cleveland aitwaye Daniel Eells na wenzake wanaanzisha kiwanda cha kusubu chuma na kutengeneza vifaa vya reli. Marekani ya wakati huo ilikuwa imepagawa na reli, na reli haijengwi bila kukata vilima na kujaza mabonde. Mwaka 1882 wakatengeneza koleo lao la kwanza la mvuke, wakaiuzia kampuni ya reli ya Northern Pacific.

Koleo la mvuke hawakulibuni wao. Kijana mmoja, William Otis, alipata hataza yake mwaka 1839, na mwaka uleule akafariki akiwa na miaka 26. Kwa miaka mingi baada yake watu waliona ni anasa, maana vibarua walikuwa rahisi kuliko makaa. Reli ndizo zilizogeuza hesabu.

Ondoeni kwanza picha ya kijiko cha leo kichwani. Koleo la zamani lilikuwa kama behewa la treni lenye boila ndani na mkono mbele. Lilikaa juu ya reli. Mkono ulizunguka upande huu na upande ule, lakini nyumba yake haikuzunguka. Likishamaliza kuchimba lililolifikia, vibarua wanalilazia reli nyingine mbele, linasogea kidogo, linaanza tena.

Mwaka 1893 wakahamia South Milwaukee, Wisconsin, kando ya Ziwa Michigan. Hapo ndipo nyumbani kwao mpaka mwisho. Huko juu, Minnesota, machimbo ya chuma ya Mesabi yalikuwa yanafunguka wakati huohuo, na chuma cha Mesabi kiko karibu na uso wa ardhi, kinachotwa tu kama mchanga. Kwa muuza makoleo hiyo ni neema.

Halafu ikaja Panama.

Wafaransa walikwisha jaribu kuchimba mfereji chini ya Ferdinand de Lesseps, yuleyule wa Suez, wakashindwa. Homa ya manjano na malaria ziliwamaliza, na pesa zikawaishia. Wamarekani wakaingia 1904. Katika makoleo 102 ya mvuke waliyonunua, 77 yalikuwa ya Bucyrus. Lile kubwa lilikuwa la tani 95, na mchoto mmoja uliinua karibu tani 8 za mawe na udongo. Kila koleo lilikuwa na watu kama kumi: opareta, msaidizi wa mkono, wachochea moto wawili, na vibarua sita wa kulaza reli.

Novemba 1906 Rais Theodore Roosevelt akaenda mwenyewe kuangalia, na kabla ya hapo hakuna rais wa Marekani aliyewahi kusafiri nje ya nchi akiwa madarakani. Alikwenda msimu wa mvua makusudi. Akapanda kwenye koleo la Bucyrus, suti nyeupe, kofia ya ukindu, akapigwa picha amekaa kwenye kiti cha opareta utadhani ndiye dereva. Kampuni ipi ingelala njaa baada ya tangazo hilo?

Kazi ngumu ilikuwa Culebra, pale mlima ulipokatwa katikati. Machi 1909 makoleo 68 yalikuwa humo kwa pamoja, na mwezi ule yakatoa zaidi ya yadi za ujazo milioni 2. Mlima nao ulikuwa unaporomoka: wanachimba mchana, usiku unateremka unafukia reli na koleo lenyewe. Tarehe 20 Mei 1913 makoleo mawili yaliyokuwa yanachimba kuelekeana, namba 222 na namba 230, yakakutana uso kwa uso chini kabisa. Mfereji ukafunguliwa 15 Agosti 1914.

#5 Mzee wa Kokoto

Na hao vibarua wa kulaza reli walikuwa nani? Maana picha zote naona wazungu wenye kofia.

#6 Koleo Butu

Swali zuri mzee. Waliopigwa picha ni opareta na maofisa. Waliobeba reli na baruti walikuwa watu weusi wa visiwa vya Karibi, Barbados pekee ilitoa kama 20,000. Malipo yalikuwa ya daftari mbili: wazungu wa Marekani waliandikwa daftari la dhahabu, weusi daftari la fedha, na foleni zao tofauti, vyakula vyao tofauti. Waliokufa kipindi cha Wamarekani ni 5,609 kwa hesabu ya serikali, na wengi wao walikuwa wa daftari la fedha.

#7 Pwani Yetu

Wadau wa Bara mnasema katapila, sisi Mombasa marehemu babu alikuwa akisema "arubii". Alifanya kazi kwenye machimbo ya kokoto miaka ya sitini, na kile kijiko cha kamba alichoendesha, kile ambacho mkono wake unavutwa kwa kamba za chuma, ubavuni kiliandikwa RUSTON-BUCYRUS. Mimi siku zote nilidhani Ruston ni jina la tajiri na Bucyrus ni jina la mkewe. Ni hawahawa?

#8 Koleo Butu

Umenichekesha sana. Ndio haohao. Mwaka 1930 Bucyrus waliungana na Ruston & Hornsby wa Lincoln, Uingereza, wakaanzisha Ruston-Bucyrus. R na B ndiyo hiyo "arubii" ya babu. Mashine zao kama 19-RB na 22-RB zilisambaa kote bendera ya Mwingereza ilikopepea, zikakaa miaka na miaka hata baada ya bendera kushushwa. Ile ya 22-RB ilikuwa ngumu kufa: ukibadilisha mkono inakuwa kijiko, ukibadilisha tena inakuwa winchi, ukifunga baketi la kuburuta inachimba mtaro. Babu mpe pole kaburini, leva za mashine hiyo zilihitaji misuli ya miguu na mikono kwa pamoja.

Wakati huo Bucyrus tayari ilikuwa imeshaanza tabia ya kula wenzake. 1911 imemeza Vulcan na Atlantic. 1927 imeungana na Erie, ndipo ikaitwa Bucyrus-Erie, jina walilolitumia miaka mingi zaidi. 1931 ikaweka mkono kwenye Monighan ya Chicago, na 1946 ikaimeza yote. Kumbukeni hilo jina Monighan.

#9 Dada Spana

Kwa nini Monighan?

#10 Koleo Butu

Kwa sababu Monighan ndio waliofundisha chuma kutembea.

Kuna mashine inayoitwa draglaini. Haina mkono wa kusukuma kama kijiko. Ina boriti ndefu mno, na baketi linaning'inia kwa kamba za chuma. Opareta anaitupa baketi mbali kama mvuvi anavyorusha wavu, halafu anaiburuta kuja kwake, inajaa udongo njiani. Uzuri wake ni kwamba mashine inakaa juu, kwenye ardhi ngumu, na kuchimba chini yake.

Tatizo lilikuwa kuisogeza. Ukiiweka kwenye cheni, inazama kwenye udongo laini kwa uzito wake. Mwaka 1913 fundi wa Monighan, Oscar Martinson, akaja na jibu: mashine ikae chini kwa kitako, sahani moja kubwa ya duara. Ubavuni ifungwe miguu miwili mirefu ya chuma. Ikitaka kuhama, miguu inazunguka, inakanyaga, inainua kitako kidogo, inajivuta hatua moja kurudi nyuma, inakaa tena. Wale mliowahi kumuona mzee anayehama mkekani bila kusimama, ndivyo hivyo.

Na hapo ndipo wazimu ulipoanza.

Baada ya Vita vya Pili, umeme wa Marekani ulitaka makaa ya mawe. Makaa ya Ohio, Kentucky, Illinois na Kansas yako chini ya tabaka la udongo na mawe la mita kumi, ishirini, thelathini. Hesabu ya wenye migodi ilikuwa nyepesi: anayeondoa tabaka la juu kwa bei ndogo ndiye anayepata faida, na baketi likiwa kubwa bei ya kila tani inashuka. Basi wakaanza kushindana. Bucyrus-Erie wa South Milwaukee upande mmoja, Marion wa mji wa Marion, Ohio, upande wa pili. Marion nao wa zamani, walianza 1884, na ndio waliouza makoleo mengine mengi ya Panama.

1963 Bucyrus ikasimamisha koleo liitwalo Big Brutus huko Kansas. Urefu mita 49, kama ghorofa kumi na sita. Uzito kama tani 5,000. Kuunganisha vipande vyake tu kulichukua karibu mwaka mzima, vilikuja kwa mabehewa 150. Lilifanya kazi miaka kumi na moja, makaa yakaisha, wakaliacha palepale. Sasa ni makumbusho, watu wanakwenda kupiga picha ndani ya baketi lake.

1965 Marion ikajibu na The Captain huko Illinois, baketi la yadi za ujazo 180, kijiko kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa duniani. Hilo liliungua 1991 na kukatwakatwa.

1969 Bucyrus ikafunga mjadala kwa draglaini. Big Muskie.

#11 Mzee wa Kokoto

Mkuu hapo umekatisha utamu makusudi.

#12 Koleo Butu

Nilikuwa nakula mzee.

Big Muskie, jina la karatasini 4250-W. Ilitengenezwa moja tu. Uzito kama tani 12,000. Boriti mita 94, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Baketi lake mita za ujazo 168. Tipa letu la mchanga la kawaida linabeba kama mita 15, kwa hiyo mchoto mmoja wa Muskie ungejaza tipa kumi na moja. Ndani ya baketi hilo mabasi mawili yanakaa ubavu kwa ubavu. Iligharimu dola milioni 25 za wakati ule.

Ilikuwa ya umeme, na umeme huo ulikuja kwa waya mnene uliolala chini nyuma yake kama mkia, volti 13,800. Watu watano tu waliiendesha, zamu baada ya zamu, saa ishirini na nne. Ilitembea kwa miguu ile niliyosema, ila yake ilisukumwa na haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yanayosukumwa ndani ya mabomba. Katika miaka 22 iliondoa zaidi ya mara mbili ya udongo uliochimbwa mfereji wote wa Panama.

Hapo pima mwenyewe: Panama yalikuwepo makoleo 102 na maelfu ya vibarua. Ohio, mashine moja na watu watano.

#13 Pwani Yetu

Na ardhi iliyobaki nyuma yake?

#14 Koleo Butu

Mashimo na vichuguu, kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 ndiyo iliyowalazimisha wachimba makaa kufukia na kupanda nyasi. Sasa sikilizeni hili ambalo hata mimi nilisoma mara mbili. Sehemu ya ardhi iliyochimbwa na Muskie, karibu eka 10,000, ilitolewa ikawa hifadhi ya wanyama inayoitwa The Wilds. Mle ndani kuna twiga na vifaru weupe wanakula majani ya Ohio. Twiga! Wakati wa baridi wanafungiwa ndani.

Muskie yenyewe ilisimamishwa Januari 1991. Makaa ya Ohio yana salfa nyingi, na sheria ya hewa safi ya 1990 iliwafanya wenye mitambo ya umeme wayakimbie. Umeme wa kuilisha nao ulipanda. Watu waliomba iachwe iwe makumbusho kama Brutus, ikashindikana, 1999 ikalipuliwa kamba za boriti na kuuzwa chuma chakavu. Kilichosalia ni baketi lake, limewekwa kwenye bustani ya kumbukumbu ya wachimbaji karibu na McConnelsville.

#15 Dada Spana

Hivi katika huo ushindani wa Bucyrus na Marion nani alishinda?

#16 Koleo Butu

Kuna raundi moja Bucyrus ilipigwa vibaya, na ni ya mwezini.

NASA, shirika la anga la Marekani, walitaka njia ya kulibeba roketi la Saturn V, lile la kwenda mwezini, likiwa wima kutoka kwenye jengo mpaka pa kurushia. Walifikiria mashua, walifikiria reli. Mwaka 1962 mtu wa Bucyrus-Erie akawaambia: sisi tuna mashine ya makaa huko Kentucky, inatembea kwa cheni nane na mwili wake haupindi hata ardhi ikipinda. Wahandisi wakaenda kuiona, wakaishiwa maneno. Bucyrus wakasaidia kuchora wazo lote. Ikaja zabuni, bei ya Marion ikawa chini, Marion ikapewa kazi. Bucyrus walilalamika mpaka kwa wakubwa, haikusaidia. Vile vibebeo viwili vya Marion ndivyo vilivyopeleka roketi za Apollo, na kimoja kilibeba roketi la Artemis, mradi mpya wa mwezini, mwaka 2022. Fikiria mashine ya 1965 bado iko kazini.

Kisasi kililipwa 1997: Bucyrus ikainunua Marion, na kiwanda cha Marion kikafungwa.

#17 Chuma Chakavu

Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Hapo ndipo Katapila lilipoingia.

#18 Koleo Butu

Polepole mkuu, kuna shimo katikati. Na hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike uzi.

Mashine hizi ni nzuri mno kwa afya ya aliyezitengeneza. Namaanisha zinamuumiza. Draglaini inakaa miaka thelathini, arobaini. Ukishamuuzia mteja moja, mjukuu wako ndiye atakayemuuzia ya pili. Miaka ya themanini makaa yalipododa, maagizo yakakauka. Wakajaribu kununua biashara nyingine, wakabadilisha jina wakaitwa Becor Western, haikukaa. 1988 kampuni ikanunuliwa kwa pesa za mkopo, na mkopo wenyewe ikatwishwa kampuni iulipe. Hii michezo ya Wall Street ya wakati ule mnaijua: unanunua ng'ombe kwa mkopo halafu unamwambia ng'ombe alipe.

Februari 1994 ikafilisika rasmi, Desemba ikatoka mahakamani. Hata kufilisika kwake kuna kisa: wakili aliyeiwakilisha hakueleza mahakama kwamba ofisi yao ilikuwa pia inamhudumia mmoja wa waliokuwa na maslahi kwenye deni. Mwaka 1998 akafungwa miezi 15. Mawakili wa Marekani hufundishwa kesi hiyo.

Kilichoiokoa ni vikongwe vyake. Zile mashine zisizokufa, zilizotapakaa Marekani, Australia, Chile, Afrika Kusini, zote zilihitaji kamba, meno ya baketi, gia, mota, mafundi. Sehemu kubwa ya mapato ikawa vipuri na matengenezo. China ilipoanza kununua shaba na chuma na makaa kwa fujo miaka ya elfu mbili, Bucyrus ikanona. 2004 ikaingia soko la hisa. 2007 ikamnunua Mjerumani DBT wa mashine za chini ya ardhi. 2010 ikanunua kitengo cha migodi cha Terex, kampuni nyingine ya mashine ya Kimarekani, kwa dola bilioni 1.3. Novemba mwaka uleule Caterpillar ikatangaza kuinunua.

Kwa hiyo Chuma Chakavu, methali yako naikubali nusu. Wenye hisa walipata bei ya karibu theluthi moja juu ya ile ya soko, hakuna aliyelia. Waliolia ni South Milwaukee, pale biashara ya madini ilipodorora baada ya 2012 na kazi zikaanza kupunguzwa.

#19 Opareta wa Usiku

Mleta mada umeandika vizuri lakini umeruka kitu. Mimi niko kwenye mgodi wa wazi Kanda ya Ziwa, miaka tisa kwenye kiti. Unazungumzia mashine za kamba kana kwamba ndizo zote. Huku hakuna kamba, ni haidroliki mwanzo mwisho. Koreshi wako aliliwa kwa sababu alichelewa kwenye haidroliki. Wajapani na Wajerumani walimwacha.

#20 Koleo Butu

Opareta nakubali hoja, ila si kuchelewa tu. Kwenye mgodi mkubwa wa miaka mingi kijiko cha kamba cha umeme bado ni mfalme, tani kwa shilingi hakuna kinachokigusa. Lakini haidroliki unaihamisha kirahisi, inavunja mwamba kwa nguvu ya kiwiko, na huhitaji kuvuta waya wa umeme.

#21 Mwana Lualaba

Jambo sana bandugu. Miye niko Kolwezi, Kongo, upande wa shaba. Hapa ndiyo sababu: umeme. Ukiweka mashine kubwa ya waya na umeme ukakatika, mashine yote inalala na malori yanapanga mstari. Dizeli unanunua, unamimina, unaendelea. Ghali, lakini inaendelea.

#22 Opareta wa Usiku

Lualaba umemaliza. Na sisi hivyohivyo.

#23 Koleo Butu

Basi Opareta nakupa zawadi. Unaendesha namba ngapi?

#24 Opareta wa Usiku

6030. Njano. Katapila halisi, si la bibi.

#25 Koleo Butu

Hahaha. Hilo si la kiwavi kwa kuzaliwa. 6030 zamani iliitwa RH120. Asili yake ni Orenstein & Koppel, Wajerumani, walianza Berlin 1876 na vireli vidogo vya mashambani na migodini. Arthur Koppel ndiye aliyejenga reli ya Otavi kule Namibia, 1903 mpaka 1906, kilomita 567 kutoka Swakopmund hadi shaba ya Tsumeb. Waanzilishi walikuwa Wayahudi, na Wanazi walipoingia familia zikanyang'anywa na jina la kampuni likabadilishwa. Baada ya vita jina likarudi, 1961 wakatoa kijiko chao cha kwanza cha haidroliki, na 1997 wakatengeneza RH400, dubwana la tani karibu 1,000.

Terex ikawanunua 1998. Bucyrus ikanunua hicho kitengo cha Terex 2010. Caterpillar ikanunua Bucyrus 2011. Mashine ileile, kiwanda kilekile cha Dortmund, majina manne ubavuni. Kwa hiyo hiyo haidroliki unayoikalia, Bucyrus walikuwa nayo kwa miezi kumi na saba hivi.

#26 Mzee wa Kokoto

Na yule mpinzani mwingine wa Milwaukee, P&H?

#27 Koleo Butu

Naye kaliwa. Alibadili jina akawa Joy Global, halafu akanunuliwa na Komatsu wa Japani 2017. Mji mmoja, makampuni mawili makubwa ya vijiko vya kamba, na leo hakuna hata moja linalojitegemea.

#28 Opareta wa Usiku

Nimetoka zamu sasa hivi. Nimekwenda na tochi upande wa kushoto chini ya ngazi, pale sahani ya chuma imefichwa na grisi. Nimefuta kwa kitambaa. Imeandikwa Dortmund. Na kwenye bawaba ya mlango wa injini njano imechubuka, chini yake kuna rangi nyingine.

#29 Dada Spana

Picha mkuu!

#30 Opareta wa Usiku

Simu haziruhusiwi shimoni. Kesho nitaikwangua kidogo nione kama kuna ya tatu.